Nchi Thelathini na Benchi Moja

Benchi letu liko kati ya duka la fundi simu na kibanda cha kinyozi. Kila asubuhi tunalikalia wanne kuongoza dunia, maana wenye kazi hiyo wameshindwa. Jana redio ilitangaza kwamba nchi thelathini zimekubaliana kuwasaka kwa pamoja wanaosambaza mtandaoni picha za watoto waliodhalilishwa. Basi kahawa ikamiminwa, kikao kikaanza.

Kinyozi, tunayemwita Balozi kwa sababu aliwahi kumnyoa dereva wa balozi, alisema nchi thelathini ni utani, yeye angezipata mia. Fundi simu akataka intaneti ya dunia nzima izimwe kila Jumamosi isafishwe. Mzee wa Posta, mstaafu, akatupita wote: kila simu ifungwe king'ora, kikilia tu, ndege ipae.

— Ndege ya nani, mzee? — nikauliza.

— Ya ushirikiano, — akanijibu, akinihurumia kwa ujinga wangu.

Uchungu tulikuwa nao, msituone hivi. Mwezi uliopita ilisambaa video ya mtoto wa hapa mtaani akidhalilishwa, na sisi ndio tuliokuwa mstari wa mbele kuilaani. Fundi aliitupia kwenye kundi letu na maneno "Dunia imekwisha". Balozi akawatumia wateja wake wote ili wajihadhari. Mzee akawapelekea wastaafu wenzake. Mimi niliwatumia mashemeji zangu, nikaweka na vikatuni vitatu vya kulia, ili wajue nimeumia.

Tukiwa bado kwenye hoja ya ndege, akavuka barabara dada mshonaji, mama wa yule mtoto. Tukampisha kwa heshima zote. Hakukaa. Alisema polisi wamempigia: aliyerekodi amekamatwa ugenini, polisi wa nchi tatu wameshirikiana, na huko mtandaoni video imefutwa.

Mzee wa Posta akatutazama mmoja mmoja, kama kusema: si niliwaambia?

— Iliyobaki wanasema ni ya kwenye simu za mtaani, — dada akaendelea taratibu. — Mwanangu hataki kwenda shule. Kila siku ananiuliza nani bado anayo. Kaka zangu, nimjibu nini?

Balozi akainamia kikombe. Fundi, ambaye kutwa nzima hufuta vitu kwenye simu za watu, akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika simu. Dada alisubiri mpaka akachoka, akarudi kwenye cherehani yake.

Kahawa ilikuwa bado nusu birika. Hakuna aliyeigusa.