Mdomo wa Duka

Benchi la kijiwe liko barazani kwa Pindo, mshona nguo, chini ya dirisha lake kabisa, kwa hiyo atake asitake, kila neno la hapo humpitia yeye kwanza kabla halijafika mtaani. Wenye benchi ni wawili. Wakili ni muuza kahawa. Zamani aliwahi kuandaa chai mahakamani, na tangu hapo hakuna kesi asiyoijua. Breki ni fundi baiskeli, na jina hilo alipewa kwa kejeli, maana ubishi wake haushikiki. Asubuhi hiyo walikuwa na kesi ya moto, tena ya Pindo mwenyewe. Baba yake, fundi redio, masikio yalikuwa yamemwishia kidogo kidogo mpaka akaacha kazi, akaacha hata kuja kijiweni. Pindo akamnunulia kifaa cha kusikia kutoka kwa Kengele, bwana wa makamo anayezunguka nyumba hadi nyumba akiuza kwa niaba ya duka moja la vifaa vya tiba. Kifaa kikawa kinapiga filimbi sikioni, mzee akakivua, akakisusa. Pindo alipokirudisha dukani, meneja alimwonyesha maandishi mekundu ukutani: mali ikishauzwa hairudi.

— Na Kengele je? Breki aliuliza. Si ndiye aliyekuuzia?

— Meneja anasema si mtu wao, Pindo alijibu kutoka dirishani, pini zikiwa mdomoni. Eti ni wakala tu, aliyoyaahidi ni yake mwenyewe.

— Hapo wamejikaanga! Wakili aliweka birika chini. Wakala ni mdomo wa duka. Mdomo ukiahidi, duka zima limeahidi.

— Mdomo gani unatembea na mkoba? Mimi nasema kosa ni la sikio. Sikio liliulizwa kama linakitaka kifaa?

— Sikio halikununua, Breki. Aliyenunua ni Pindo.

— Na Pindo anasikia vizuri! Basi kifaa hakina mgonjwa, na kesi haipo.

— Wewe ungekuwa hakimu, jela ingejaa masikio.

— Ngoja sijamaliza. Kengele huvaa shati la duka, sivyo? Bila lile shati nani angemfungulia mlango? Kwa hiyo lililouza ni shati. Likamatwe shati!

— Ukilikamata shati, umkamate na aliyelishona.

Wote wawili wakageuka kumtazama Pindo.

— Mimi msinitie! Pindo alisema, akacheka, lakini kicheko kikamkatikia njiani. Asubuhi ile alikuwa amemwamkia baba yake, "Shikamoo, baba," na mzee akamjibu kwa upole, "Ipo pale mezani."

Hawajatulia, Kengele huyo akatokea, mkoba begani. Hakuketi. Alisogea mpaka dirishani.

— Dada, nimesikia yaliyokupata. Siku ile uliniambia mzee anataka kuwasikia watu penye kelele. Nikakwambia hiki kitamfaa. Nilisema kama nilivyofundishwa dukani, lakini nilisema.

— Utayasema hayo mbele yao, kaka?

Kengele alijifuta jasho kwa mkono wa lile shati lenye nembo ya duka kifuani. Pindo akaona wazi anachokipima: watoto, kodi, kazi.

— Nitayasema. Twende.

Walikwenda kwenye ofisi ya kuwalinda wanunuzi. Meneja aliitwa, akaja na ile hoja ya ukutani na ile ya wakala, akazisema zote mbili kwa kujiamini. Afisa alikuwa mama mmoja asiye na haraka. Alimwuliza Kengele nani alimpa bidhaa, nani alimpa shati, na nani alimfundisha maneno ya kuuzia. Kila mara Kengele alijibu: duka. Hakubadilisha neno.

— Mmemtuma mtu akauze, afisa alimwambia meneja. Anayomwambia mteja katika kuuza huko ni maneno yenu. Huyu dada alieleza shida yake, akaamini ushauri wenu. Basi kitu lazima kiifae shida hiyo. Na haki yake haifutwi kwa rangi ya ukutani.

Meneja alilegeza tai. Duka likakubali kukichukua kifaa, kumpeleka mzee akapimwe masikio na mtaalamu, na kumpa kinachomfaa.

Siku mzee alipovalishwa kifaa kipya, Pindo alisimama nyuma ya kiti chake kwa makusudi, asimwone midomo.

— Baba, unanisikia?

Mzee akageuka polepole.

— Nakusikia. Mbona sauti imekuwa ya mama yako kabisa?

Pindo aligeukia ukuta, akajifanya anasoma tangazo.

Jumamosi mzee akarudi kijiweni. Alipokewa kama bwana harusi, kila mtu akipiga kelele mpaka akaomba wapunguze, sasa anasikia. Hata Kengele alikuwepo, ameketi pembeni, amevaa shati jeupe la kawaida. Ubishi ukaanza upya: nani hasa ameshinda ile kesi?

— Sheria ndiyo imeshinda, alisema Wakili, na sheria niliisema mimi, hapa hapa.

— Wewe ulisema mdomo, mimi nikasema sikio. Bila sikio mngeshinda kitu gani? Nishukuriwe mimi.

— Basi hata birika langu lishukuriwe, lilikuwepo!

— Na benchi!

Mzee aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akitabasamu kama mtu anayepewa chakula alichokikosa muda mrefu. Kisha akauliza, bila hila yoyote:

— Na huyu Kengele, siku hizi anauza wapi?

Wakili alimtazama Breki. Breki akatazama barabara. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kengele alijaribu kutabasamu, akashindwa, akatazama viatu vyake.

Cherehani ikanyamaza. Pindo alitoka nje, akachukua kikombe mikononi mwa Wakili, akampa Kengele kwa mikono miwili.

— Kaka, asante. Nilidhani nimeshakwambia.

— Hakuna neno, dada.

— Lipo. Jumatatu nafunga duka langu. Nakwenda na wewe kwa yule mama afisa, atuonyeshe pa kuidai kazi yako, kama ulivyokwenda na mimi.

— Tunakwenda, alisema mzee. Nataka kumsikia huyo meneja kwa masikio yangu.

Breki alisogea ili Kengele akae vizuri, kisha akanyoosha kikombe chake. Wakili akainamisha birika, akalitikisa, akafungua kifuniko na kuchungulia ndani.

— Imekwisha, alisema.

Na Breki, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hakubisha.