Wifi Yangu Hakunipa Sumu

Nililala kwenye mukeka, mudomo umepindika, mukono wa kuume umekufa, na inje nikasikia watu wa kijiji wanamupiga wifi yangu Zawadi. "Kasiksi yako ya ndizi ilikuwa tamu, eh? Ulitia nini mule?" Nilitaka kusema si yeye. Sauti haikutoka. Zawadi alikuwa analia jina langu, nimushuhudie.

Wandugu wa kanisa, munivumilie nirudi nyuma.

Tangu mimba ya pili moyo wangu ulikuwa unaruka. Nalima maharagi, mara unakimbia ovyo kama mbuzi waliosikia risasi, kisha unatulia. Nikaenda kwa Papa Bahati, mwenye kutapisha watu sumu hapa Nyamitaba. Akanigusa kifua. "Mama, iko sumu ya karuho. Muntu wa karibu anakulisha pole pole." Akanitapisha na majani, sikupona. Siku mukono ulipokufa, yeye mwenyewe njo alitaja jina: Zawadi, aliyenipa pombe ya kasiksi jana yake.

Wanaume wa korali wakanibeba mu kipoyi, machela ya miti, mulima kwa mulima, mpaka ku hospitali. Docteur, mama mupole, akasikiliza kifua changu sana.

"Vyumba vya juu vya moyo wako havipigi, vinatetemeka tu. Damu ililala pale ikaganda, kipande kikapanda ku ubongo. Ukiwa mutoto, koo ilikuuma?"

Nikaitika kwa kichwa. Dada yangu aliyenisindikiza akanijibia: "Kila musimu wa mvua. Tukamupeleka akatwe kilimi."

"Na magoti yalivimba?"

"Yalivimba, akashindwa kutembea."

"Kisu hakikumuponya. Ugonjwa ule wa koo njo ulikula mulango wa moyo. Kwa wengine chanzo ni tension ya damu, ao goitre ya shingo, ao pombe kali. Huyu hakuna muntu alimulisha kitu."

Neno la kwanza kunirudia mudomoni lilikuwa Zawadi. Lakini walikuwa wamekwisha kumufukuza, akashika njia ya pori la Itebero. Hakuna aliyemuona tena.

Asanteni mulionibeba. Asante docteur, vidonge nameza mpaka leo. Wamama, koo ya mutoto ipelekeni ku dispensaire, musiipeleke kwa mwenye kisu. Moyo ukiruka, musitafute mulozi.

Ila sijamaliza. Papa Bahati, umekaa pale benchi ya mbele, na watoto wa Zawadi wako nyuma yako. Mimi kila nikilala namusikia ananiita. Simama. Uwaambie mama yao iko wapi.