Dibaji Sita Zisizoshukuru Mtu

Nyuma ya soko la Gisenyi, kwenye benchi la Mukamusoni muuza kahawa, watu hawajui kunyamaza, na siku hiyo walimchosha Rayhana hasa. Saa tisa alasiri angesimama mbele ya juri ya chuo kutetea utafiti wake: dibaji ishirini za vitabu vya shule vya Kiingereza, na hatua ambazo kila dibaji hufuata. Mwandishi anasifu kitabu, anaelekeza walimu, mwisho anashukuru waliomsaidia. Ila dibaji sita hazikumshukuru mtu, na sura nzima ya nne ilisimama juu ya hizo sita. Akianguka leo, anarudia mwaka. Alikuja anywe kikombe kimoja tu, akafanya kosa la kuwaeleza.

— Iko wazi, alisema Gatete, fundi cherehani waliyembandika jina Dosiye, yaani faili, kwa kugeuza kila jambo kesi. Ukishukuru mutu, watoto wakianguka mutihani, wazazi banajua mulango ya kugonga. Donc, mwandishi anaficha batu bake.

— Wapi! Mukamusoni akamkatiza. Sita bote? Ni mutu moja huyo! Anakimbia bibi yake, anabadilisha jina kila kitabu.

— Basi mi nasema hakuna mutu! Gatete akarudisha. Kitabu kimejiandika. Sasa kingeshukuru nani?

Rayhana alicheka kwa adabu. Aliyemtia wasiwasi ni mzee Hakimu, fundi wa kujalidi vitabu, aliyekulia Tanzania. Huyo hakawii kubisha, na leo alikuwa akipaka gundi tu kwa brashi yake.

— Binti yangu, hivyo vitabu sita umevitoa wapi?

— Shuleni ninapofundisha, baba.

— Vina majalada ya kijani?

— Ndiyo.

— Mimi ndiye niliyevijalidi.

Rayhana akaweka kikombe chini.

— Karatasi za mbele huchanika kwanza, alisema mzee. Kwa hiyo nazibandika mbili mbili, zinakuwa ngumu, zinashika jalada. Masomo sigusi, haki ya Mungu. Ni dibaji tu. Nani anasoma dibaji?

— Mimi, baba! Mimi ndiye ninayesoma!

Alikuwa na kimoja mkobani. Akakifungua: kutoka ukurasa wa tano, namba iliruka hadi wa nane. Miezi minane alikuwa akitazama namba hizo! Aibu ikamchoma hadi machozi.

— Leta hapa, alisema Mukamusoni, akafunua birika.

Wakaishika karatasi juu ya mvuke. Mzee Hakimu akaipenyezea kisu pole pole, jasho likimtiririka. Karatasi mbili zikaachana. Hapo katikati, mistari kumi na minne: mwandishi anamshukuru mchoraji, mpiga chapa, walimu wa shule ya Nyundo, na mama yake aliyempikia.

— Yewe! Gatete akapiga makofi. Amepona! Sasa ako na jibu ya juri.

Ndipo pikipiki ikasimama. Pulchérie, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amekuja kumchukua. Akatazama karatasi mbichi, wakamsimulia.

— Bon. Na zile tano zingine?

Vitabu hivyo vilikuwa kwenye maktaba ya shule, iliyofungwa kwa likizo, na kabla ya saa tisa ilibaki nusu saa.

Rayhana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akakumbatia kitabu kikiwa wazi, karatasi zisishikane tena, akapanda nyuma ya Pulchérie.

— Nitawaonyesha hii moja, na hizo tano nitawaambia sijui, alisema. Twende kabla sijabadili mawazo.