Gharib Mkubwa, Aliyelala Kwenye Machela Yake Mwenyewe

Ifikapo tarehe 30 Juni 2026, Bwana Gharib Mkubwa Bakar atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita ya utumishi katika hospitali yetu, yote akiwa mbeba wagonjwa wa kitengo cha upasuaji. Alikuja kutoka kijiji cha Uroa akiwa na umri wa miaka ishirini na nne, mabega mapana, barua ya kazi ameikunja mara nne mfukoni. Anaondoka na mabega yale yale, mvi na wajukuu watano.

Kazi yake watu huidharau mpaka siku waihitaji. Mgonjwa akiwa ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe ambako gari haipiti, Gharib na mwenzake walimfuata kwa miguu na machela ya mkono. Bi Mize, mkongwe aliyekaa orofa ya tatu, alikataa kutolewa mpaka avae kanga mpya na nyumba ifukizwe udi. Gharib akangoja. Walipokuwa kwenye ngazi bibi akamwonya, "Ukinikunja kama mkeka nitakushtaki kwa mama yako." Gharib akajibu, "Naam, bibi," akamteremsha bila ya kumgusisha ukuta.

Asidhani mtu kwamba tunamuaga malaika. Gharib ni mbishi. Feni ya chumba cha mapumziko lazima imwelekee yeye, na aliyethubutu kuiegesha machela yake vibaya alipewa hotuba mpaka chai ikapoa.

Sasa nieleze ya mwaka 2014, ambayo wengi mmeyasikia nusu nusu.

Kila wiki alikuwa akiwapeleka kwenye upasuaji wanaume wenye ngiri ya kinena. Maelezo ya Daktari Muhiddin, mpasuaji wetu, aliyajua kwa moyo: ukuta wa tumbo hulegea pale kinenani ukaacha upenyo, na kipande cha utumbo kikachungulia chini ya ngozi kama uvimbe. Mtu akilala, uvimbe huingia. Akisimama, akikohoa au akinyanyua mzigo, hutoka. Gharib aliyasikia hayo mara mia, na kwa miaka mitatu yeye mwenyewe alikuwa na uvimbe huo upande wa kulia, asimwambie mtu.

Aliufunga kwa kipande cha kikoi kikuukuu, chini ya sare. Baada ya sala ya Adhuhuri alijifungia stoo ya mashuka, akalala chali na kuurudisha ndani taratibu. Sisi tulidhani anasinzia, tukamcheka. Mkewe, Bi Mwanakheir, aliambiwa ni mgongo. Gharib akanywa dawa chungu za muuzaji mmoja kwa miezi minane, uvimbe haukusikia.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi tulimnyanyua pamoja mgonjwa mzito na kumlaza kitandani. Wakati tunarudi na machela tupu, Gharib akasimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja ukutani, jasho linamtiririka.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Tumbo tu, Bi Nassra. Pweza wa jana."

Hapo hapo akatapika. Mkono wake wa pili ulikuwa kinenani.

"Uvimbe huo wa tangu lini?"

"Uvimbe gani?"

"Huo ulioushika."

Akainamisha kichwa. "Leo umekataa kurudi," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia alale. Akaniuliza, alale wapi? Nikamwonyesha machela.

Utumbo ulikuwa umebanwa kwenye upenyo na damu haipiti. Ukiachwa hivyo kwa saa chache tu huoza, na mtu hufa. Gharib alilijua hilo kuliko ndugu wa mgonjwa yeyote, hata hivyo alipopewa fomu ya ridhaa alibaki ameishika kalamu.

"Daktari, nitabaki mwanamme?"

"Utabaki mwanamme," Daktari Muhiddin akamjibu. "Lakini ukingoja mpaka Alasiri, siahidi kama utabaki hai."

Akatia saini. Aliomba jambo moja tu, kwamba asitayarishwe na mimi, na nikamwita Bwana Sabri, muuguzi mwanamme.

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Utumbo ulipofunuliwa ulikuwa umepiga weusi. Daktari akaufunika kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukangoja tuone kama damu itarudi.

"Mbona kimya?" Gharib akauliza kutoka upande wa pili wa pazia.

Hatukumjibu mpaka tulipoiona rangi inarudi, kidogo kidogo, nyekundu ya uhai. Daktari akaurudisha utumbo mahali pake, akaziba upenyo na kuuimarisha kwa wavu laini.

Bi Mwanakheir alifika kutoka Uroa jioni ile.

"Kila siku unawapeleka wenzako. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nlikuwa naona haya."

"Haya kwa nani? Kwangu mimi?"

Gharib akalia. Nikatoka nikawaachia nafasi.

Kwa kuwa alikatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki sita, Daktari alimkalisha kliniki ya Jumanne aandike majina. Wanaume walikuja wakisema wanaumwa mgongo. Gharib alifunga mlango, akawauliza, "Ndugu yangu, mgongo huo uko nyuma au mbele?" Kisha akawasimulia yake. Aliwaambia dawa ya kunywa haizibi tundu. Kwamba si kila ngiri hukatwa siku hiyo hiyo, hilo daktari ataamua. Lakini ikiwa ngumu, ikauma na kukataa kurudi, haingoji hata chakula cha mchana. Mbeba mizigo wa hoteli moja ya Kendwa alifanyiwa upasuaji, na mwezi uliofuata akaleta wenzake wawili. Uroa, Gharib alizungumza barazani baada ya sala ya Ijumaa. Wiki sita ziliisha, lakini kila Jumanne alirudi kwenye kiti kile. Zamani wengi walitufikia wamebebwa. Siku hizi wengi huja kwa miguu yao.

Anarudi Uroa kwa Bi Mwanakheir, mkulima wa mwani. Tumekwisha kumkataza kunyanyua peke yake gunia la mwani mbichi. Ameahidi, na hatumwamini.

Nilipomuuliza kama niyaandike haya, nikapendekeza niseme "mfanyakazi mmoja," alinikatiza: "Andika jina langu lote. Huyo mfanyakazi mmoja hapana atakayemfuata kumuuliza."

Basi, Gharib Mkubwa Bakar, ahsante kwa kila mgonjwa uliyemfikisha salama. Mwenyezi Mungu akupe afya, utulivu na umri wenye heri wewe na nyumba yako. Mlango wa kliniki ya Jumanne ujue uko wazi, na kiti chako hatujampa mtu.

Nassra Abrahman
Muuguzi, Kitengo cha Upasuaji