Mchuzi wa Kornelia

Kijiwe cha Njoro kina benchi moja tu, nalo mguu wake mmoja ni matofali, kwa hiyo anayetaka kukaa vizuri ni lazima awahi. Wenyeji wake ni watatu. Firoz, mwenye duka la vipuri, wanamwita Bwana Nati, maana hakuna nati mjini Moshi ambayo hajaiuza mara mbili. Gidioni anaitwa Holili, kwa sababu kila wiki yuko mpakani na kila wiki anarudi na bidhaa ambayo hakuna mtu aliyemtuma. Wa tatu ni Sirili wa Kibosho, Meneja, ingawa umeneja wake wote ulikuwa kusimamia mizani ya kahawa ghalani, kabla wanunuzi binafsi hawajaja na mizani zao. Asubuhi hiyo ya Desemba, mwaka tisini na sita, Sirili alifika kabla hata ya Shedrack muuza kahawa. Mfukoni alikuwa na barua ya watoto wake wanne walioko Dar. Wanakuja Krismasi, waliandika, na Gladness, kitinda mimba, ameongeza mstari wake chini: baba, ule mchuzi wa masista usikose.

Mstari huo ndio uliomkosesha Sirili usingizi. Watoto wa jirani yake Eliufoo nao walikuwa wakipanda mlimani kila Desemba. Mwaka mmoja wakakaa siku mbili, mwaka uliofuata wakatuma kadi. Sirili hakutaka kadi.

– Shikamoo, Meneja, alisema Gidioni akikaa.

– Marahaba. Leo nina swali, na sitaki mzaha.

– Umekuja mahali pabaya, alisema Firoz. Haya, sema.

Sirili akawaeleza. Mkewe, Kornelia, alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni, akatoka na mchuzi mmoja usio na nyanya wala bizari. Mchuzi mzito wa nyama na mifupa ya ng'ombe, rangi ya kahawia, laini, unamwagwa juu ya ndizi za kuchemsha. Kila Krismasi, miaka thelathini na moja. Lakini tangu Pasaka, kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka moja moja.

– Nimejaribu mwenyewe mara tatu, alisema Sirili. Mara ya kwanza nilitupa unga kwenye supu inayochemka, ukawa mabonge. Ya pili uliungua. Ya tatu nilimpa mbwa.

– Akala?

– Alinusa, kisha akanitazama kwa huruma.

Shedrack alimimina kahawa huku mabega yakimtikisika.

– Meneja, unajitesa bure, alisema Gidioni. Kule mpakani kuna unga wa paketi. Unatia maji ya moto, unakoroga, dakika tano kwisha kazi. Soko huria hili, bwana!

– Nimeuonja. Ni chumvi iliyopakwa rangi.

– Holili, acha fiksi zako, alisema Firoz. Siri si unga, siri ni kuni. Meneja, mama alikuwa anapikia kuni gani?

– Matawi ya kahawa. Yale tuliyokuwa tunapogolea.

– Moshi wa kahawa huo! Unaingia ndani ya nyama. Na hiyo mibuni iko wapi sasa?

Sirili alitazama kikombe. Mibuni aliing'oa mwaka juzi, bei ilipomchosha, akapanda nyanya. Siku ile Kornelia alisimama kwenye mlango wa jiko akitazama shoka.

– Nimeing'oa.

– Basi mchuzi umeung'oa kwa mkono wako.

– Siyo kuni! Gidioni alipiga goti lake. Ni maji. Zamani mlikuwa mnachota kwenye mfongo, ule mfereji, maji yametoka juu mlimani yakipita kihamba hadi kihamba, yanaonja kila shamba. Leo mnapikia ya bomba. Maji ya bomba hayajapita popote.

– Na ng'ombe? alidakia Firoz. Ng'ombe wa zamani wa Kichagga alilala ndani ya nyumba. Akala migomba, akasikiliza mambo ya familia usiku kucha. Nyama yake ilikuwa na adabu. Huyu wa leo wa mnadani hajui hata jina la mwenyewe.

– Mimi naona ni redio, alisema Gidioni.

– Redio tena?

– Ndiyo, mzee wangu. Wakati ule redio ilikuwa moja. Mpishi anasikiliza habari, mlaji anasikiliza habari hizo hizo, chungu kinatulia. Sasa stesheni zimeanza kuwa nyingi, watu wamevurugika, mchuzi utashikana vipi?

Wakacheka, na Sirili akacheka nao, ila cheko halikufika mbali. Alikuwa ameukumbuka mwaka wa themanini na tatu, dukani hakuna sukari, hakuna sabuni. Krismasi ile alipata mifupa tu, na nyama iliyoshikilia mifupa ilikuwa ya kutafuta. Kornelia alifunga mlango wa jiko. Alipotoka alikuwa na bakuli kubwa, na watu tisa walikula ndizi kama vile ng'ombe mzima amechinjwa. Gladness, mdogo wakati huo, alilamba sahani mpaka pua ikawa kahawia. Ee, siku zile zilikuwa ngumu, na Sirili angetoa chochote azirudie kwa mlo mmoja.

– Mwaka ule na mimi nilipanda kwako, alisema Firoz taratibu, kana kwamba ameona alichokiona mwenzake. Nilileta misumari, ukanikaribisha mezani. Nilikula sahani tatu. Mpaka leo sijamwambia mke wangu Nisreen, ataniuliza kwani vyakula vyake vina nini.

– Alikuwa mpishi yule mama, alisema Gidioni.

– Alikuwa mpishi, alisema Sirili.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara na kikombe chake cha bati. Ni Yuditha, aliyefungua genge upande wa pili juzi tu. Kijiweni pale wanawake hawakukaa, lakini kahawa ni kahawa.

– Shikamooni, baba zangu.

– Marahaba, mwanetu.

– Mtanisamehe, nimewasikia tangu mlipoanza. Poleni sana. Huyo mama alifariki lini?

Sirili alishtuka karibu amwage kahawa.

– Hajafa! Yuko nyumbani, amekaa barazani.

– Ooh! Anasikia?

– Kuliko mimi.

– Na kuzungumza?

– Polepole, lakini anazungumza.

– Sasa yeye anasemaje kuhusu huo mchuzi?

Gidioni alichungulia ndani ya kikombe chake. Firoz alianza kuhesabu funguo ambazo idadi yake aliijua. Shedrack aliinamisha birika juu ya kikombe cha Yuditha, likatoka tone moja na machicha.

– Imekwisha, alisema.

Sirili aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakapata moto. Tangu Pasaka alikuwa akimwuliza mkewe umekula, umelala, umekunywa dawa, na kabla neno halijamtoka alimjibia mwenyewe, akidhani anamsaidia. Hakuwahi kumwuliza kitu kinachohitaji jibu refu. Aliinuka, benchi likayumba, akaenda moja kwa moja buchani.

Alifika Kibosho na mifupa na nyama ndani ya gazeti. Kornelia alikuwa barazani, shali mabegani. Sirili alichuchumaa mbele yake.

– Mama Gladness, ule mchuzi wa masista unaanzaje?

Kornelia alimtazama, akalitazama gazeti lililolowa, akamtazama tena. Upande mmoja wa mdomo ukacheka. Sirili alikuwa hajakiona kicheko hicho tangu Pasaka. Kornelia akafungua mdomo, neno likachelewa, na safari hii Sirili hakulimalizia. Alingoja.

– Kiti... hiki, alisema Kornelia. Kipeleke... jikoni.

Sirili akambeba mkewe pamoja na kiti chake.