Fundi Robo Robo na Gari la Mkunga

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, familia inawasomea maisha ya mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Robo Robo, nayo inaomba mvumilie, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kazi ya kulipua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi jirani na stesheni ya reli kuanzia 1959 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi hadi Desemba 1969, ambako alifaulu kila somo isipokuwa kuimba, na sisi tuliolelewa naye tunathibitisha matokeo hayo.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, akadumu huko hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2006. Mwaka 1973, kwa pupa ya ujana, alipokuwa akifunga kamshafti, kile chuma kirefu chenye vinundu kinachofungua valvu za injini, alikaza vifuniko vyake kuanzia upande mmoja, kikakatika vipande viwili karakana nzima ikitazama, na tangu siku hiyo akawa anaanzia katikati, bolti hii robo mzunguko, ile robo, wenzake wakamcheka hadi jina likamganda. Walicheka, lakini gari lililopita mikononi mwake halikurudi karakana kwa kosa lake.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na mkunga wa zahanati, wakaitana Fundi na Mkunga hadi mwisho, wakajaliwa watoto watatu, ambao leo ni mwalimu, mpima ardhi na mfamasia, na wajukuu saba.

Juni 2021 alifungua injini ya gari la mkewe pale uani, akamwahidi kwamba ataliendesha tena, lakini mwaka uleule mikono yake ikaanza kutetemeka, na vifuniko vya kamshafti yake vikabaki juu ya kabati la vyombo, kila kimoja kwenye kitambaa chenye namba. Tuseme ukweli, marehemu alikuwa mkaidi, mafundi wawili waliojitolea kumsaidia aliwaambia wakaangalie magari yao kwanza.

Jumamosi tarehe 6 Aprili mwaka huu, 2024, alimkabidhi mkewe spana, yeye akakaa kitini akihesabu robo, ila kupanga alama za cheni, ile inayozungusha kamshafti sambamba na injini, alikataa katakata kumwachia, akapanga mwenyewe. Walipoizungusha injini kwa mkono, mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukagoma, Mkunga akalia akidhani ameharibu. Mzee akaomba miwani, akatazama kwa muda mrefu, akaona cheni imeruka jino moja, akasema bila kumung'unya maneno, "Mkunga, usilie, kosa ni langu. Fungua, tuanze upya." Katika miaka arobaini na sita ya ndoa, mama anasema, hakuna neno la mumewe alilolipenda zaidi ya hilo.

Hawakuwahi kuanza upya pamoja, kwani Jumapili alilazwa kwa homa ya mapafu, Jumatatu akamwambia mkewe asimsubiri, kwa kuwa sasa anajua kila kitu, ila asiguse ufunguo kabla ya kuzungusha kwa mkono mara mbili, na Jumanne tarehe 9 Aprili, saa tano asubuhi, akafariki dunia.

Wale mliofika msibani Alhamisi mkakuta mjane ana grisi hadi viwikoni, mkanong'onezana kwamba amerukwa na akili, familia inawafahamisha kwamba akili zake ni timamu, alikuwa amepanga alama upya, amekaza robo kwa robo, amezungusha mara mbili, zote zikapita, ndipo akageuza ufunguo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuletea viti na maji, mafundi wa karakana, na hasa wale wawili waliofukuzwa, ambao wamekuja hata hivyo.

Baba, mama amekuja hapa akiendesha mwenyewe. Pumzika kwa amani.