Dola Mbili za Macho ya Baba

Sogeeni, wanangu, Wade upande huu na Rhonda upande ule, na mzime hiyo televisheni, maana sauti yangu leo haina nguvu ya kushindana na kitu chochote. Nianze na jambo ambalo nimeliwaza tangu utoto na ninakufa bila kulijua. Babu yenu alipoangukiwa na mwamba mgodini hapa Ely, mama yangu alimfumba macho kwa dola mbili za fedha, kama ukoo wa Trembath ulivyofanya kwa kila maiti wake, na zote mbili zilikuwa za mwaka 1921. Nina hakika, kwa sababu mama alizisugua kwa magadi mpaka zikang'aa na mimi ndiye niliyemshikia bakuli. Watu walipita kwenye jeneza mchana kutwa: wachimbaji, wake zao, mwenye baa, wanaume tusiowajua. Kabla ya kifuniko kufungwa mama aliziondoa, na moja ilikuwa bado ya 1921, lakini ya pili ilikuwa ya 1889. Mmoja wa watu wale aliinama juu ya baba, akachukua dola yetu na kuacha yake. Sijui ni nani. Sijui kama alikuwa anaaga, anaomba radhi, au mkono wake ulikosea tu. Nimewapitia wote kichwani, uso kwa uso, na sasa hakuna aliyebaki hai wa kuulizwa.

Mama alitugawia moja moja, mimi na kaka yangu Clifford. Hakuzitazama. Kaka alipata ya 1921, mimi nikapata ile ngeni, na kwa miaka mingi zilikuwa dola mbili tu, za kuletwa pamoja akifa mtu.

Akafa mama. Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikuwa imeacha kutia fedha kwenye sarafu, na kila mtu wa Nevada alikuwa anapekua mifuko na makopo yake. Clifford alisimama kwenye sinki na magadi, akaisugua yake, akaichukua na yangu, akaisugua mbele, akaigeuza akasugua nyuma, kisha mkono wake ukasimama. Chini ya mkia wa tai aliyechongwa hapo kulikuwa na herufi mbili ndogo, C na C, alama ya kiwanda cha sarafu cha Carson City, kilichofungwa zamani na sarafu zake adimu.

"Delbert, hii uliipata wapi?"

"Mama aliniwekea mkononi, kaka. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nikapewa bei ya bia, wewe ukapewa shamba."

"Basi tubadilishane, sasa hivi."

"Usinifanye mtoto. Kaa nayo. Ikuzike."

Tulimzika mama kwa macho hayo mawili yaliyogombana. Clifford aliondoa sarafu yake kabla sijaigusa yangu, akahamia Elko, na sikumsikia tena. Alipofariki, mkewe Nadine alinitumia ile dola kwa posta, ndani ya soksi, bila neno, kisha akahamia Oregon kwa dada yake. Simlaumu. Hata Clifford simlaumu, maana nimekaa na jambo hili muda mrefu kiasi cha kuliona kwa macho yake: mkubwa, anayetumwa kila kitu, halafu bahati inampita na kutua kwa mdogo.

Nipe maji, Rhonda. Kidogo.

Nilipostaafu nilienda kwa wale wazee wanaokusanya sarafu na kukutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, nikajifunza kama mtoto. Haskell, yule mwenye duka la sarafu, alinicheka siku ya kwanza: "Delbert, unashika sarafu kama unashika nyundo. Shika ukingo!" Alinifundisha kusoma mwaka chini ya uso wa yule mwanamke aliyechongwa mbele, kisha kugeuza na kutafuta herufi chini ya mkia wa tai, kwani mwaka bila kiwanda hausemi kitu, na nyingi za mwaka mmoja huwa za kawaida kabisa isipokuwa zile za kiwanda kimoja. Pima uzito, ukaribie gramu ishirini na saba. Weka sumaku, ikinasa, umetapeliwa. Tazama nywele juu ya sikio na manyoya ya kifua cha tai, ndipo zinapoanza kulika. Na baada ya yote hayo, tazama ngozi yake, ule wangavu wa fedha ambao haujaguswa. Nilipomwonyesha yangu, aliinua lenzi, akaishusha.

"Nani aliiosha?"

"Marehemu kaka yangu."

"Mungu amrehemu. Ameimenya."

Mikwaruzo ya magadi imejaa mbele na nyuma. Heshima yetu kwa wafu, wanangu, ndiyo iliyoila. Sarafu ambayo ingenunua lori jipya inanunua matairi ya lori, na aliyeiona thamani yake ndiye aliyekuwa anaifuta dakika ileile. Tuligombana maisha mazima kwa ajili ya kitu kilichokwishakufa kwenye sinki.

Jana niliwasikia jikoni. Ukuta huu ni mbao tu.

"Nimeiangalia kwenye simu," ulisema wewe, Wade, "bei ya nyumba!"

"Na nani amemwogesha Baba mwaka mzima? Simu yako?"

"Umeogesha urithi, dada, usijisifu."

Hata mlicheka, lakini nakijua kicheko hicho. Bei uliyoiona, Wade, ni ya sarafu ambayo haikupendwa wala kusuguliwa na mtu.

Basi sikilizeni. Nyumba iuzwe, mgawane nusu kwa nusu. Lori ni la Wade. Jiko na mablanketi ya mama yenu ni ya Rhonda, na msiulizane kwa nini. Ile dola ya 1921 mpelekeeni Haskell, awape wanaoanza waipapase, wajue sarafu iliyosuguliwa inavyoonekana.

Macho yangu msiyawekee fedha. Desturi hiyo inaishia kwangu. Nikiondoka, Wade aweke kidole kwenye jicho hili, Rhonda kwenye lile, mshikilie pamoja mpaka yatulie yenyewe. Inachukua muda. Mtakuwa mmeinama karibu, mtapumuliana usoni. Msitoke hapo... msitoke mpaka yatulie.

Mungu awape usingizi mzuri. Awape sauti za kuitana hata mkiwa mmekasirika. Nawapenda nyote wawili, sikupata kamwe kujua nani zaidi.

Hapana, Wade... acha droo. Ile ya 1889 haimo. Kaka yangu amelala Elko chini ya majani, hana hata jina juu yake. Niliamua wiki iliyopita. Sikuwaambia, mngenizuia... au mngezuiana. Nilimpa Pilar, nesi wangu. Ameiuza kwa Haskell, bei ya matairi... imetosha jiwe dogo la kaburi. Jana ameendesha mwenyewe hadi Elko... amesimama hapo mpaka wakalisimika. Clifford Trembath, limeandikwa. Muulizeni... yupo hapo mlangoni.